Mfumo Usiougua

Mkwe wangu aliniletea flashi ameifunga kwenye karatasi laini, kama dawa ya kupimiwa. Akaiweka juu ya meza yangu ya kazi, kati ya stepla na tasnifu ya mwanafunzi mmoja yenye kurasa nyingi kuliko fikra, akasema, "Mama, nimekuletea kitu cha kukupunguzia taabu."

Nikipewa kitu na watu wengine, mimi hushukuru papo hapo. Nikipewa na mkwe, hukigeuza kwanza juu chini. Sikumbuki ni lini nilianza tabia hiyo, ila nadhani ilikuwa siku ya harusi yake na mwanangu.

"Taabu gani?" nikamuuliza.

"Ya virusi. Kila wiki mashine yako inalala. Huu ni mfumo mwingine, unaitwa Linux. Unauweka badala ya ule ulionao. Ni wa bure, umetengenezwa na watu wengi tu wa huko na huko, na yeyote anaruhusiwa kuufungua aone ulivyo ndani. Hauugui ovyo."

"Kitu cha bure. Kina mwenyewe kweli?"

"Mwenyewe ni wewe, Mama."

Jibu lilikuwa zuri, nikashangaa amelitoa wapi. Yeye anafundisha watoto wadogo kusoma na kuhesabu, na kompyuta anaiogopa. Nimewahi kumwona akizima simu yake kwa vidole viwili. Lakini sikuendelea kuchimba.

Kazi yangu ni kuchapa. Nilikuwa katibu muhtasi wa mawakili mpaka nilipostaafu, nikaona nikikaa bure nitaanza kuhesabu mende, basi nikageuza chumba cha mbele kuwa ofisi. Mikataba, barua za kuomba kazi, tasnifu, kadi za mialiko, vyote ninavyo. Wateja wangu wengi ni wanafunzi, na mwanafunzi haji mkono mtupu. Anakuja na flashi iliyopita kwenye kila kompyuta ya mji, ameibeba mfukoni pamoja na pipi, anaichomeka, na mashine yangu inaanza kuweweseka. Mafaili yanageuka vivuli. Skrini inajaa matangazo ya wasichana wanaotaka kunifahamu.

Ndiyo maana mwanangu alikuwa akija kila Jumamosi. Yeye ni fundi wa kompyuta katika ofisi kubwa, mtu wa kuitwa kila dawati. Akifika kwangu anavua saa, anaiweka kando ya kibodi, anakaa kwenye kiti changu na kuuliza, "Haya, leo watoto wa watu wamekuletea nini?" Kisha anaiwasha ile programu ya kusafisha, na ule mstari wa kijani unaanza kutambaa kwenye skrini, polepole, faili baada ya faili. Mstari ukitambaa hakuna cha kufanya ila kungoja. Na mtu anayengoja huongea.

Mwanangu si mtu wa kuja kukaa tu. Tangu akiwa mdogo, ukimwambia njoo tukae, anakuuliza tukae tufanye nini. Baba yake alikuwa hivyo hivyo, akafa hivyo hivyo, amesimama akikaza komeo la mlango. Kwa hiyo yote niliyoyajua kuhusu maisha ya mwanangu niliyajua kupitia ule mstari. Nilijua bosi wake mpya ni mdogo kwake kwa umri na hamsalimii. Nilijua yeye na mkewe wanatafuta mtoto na hawajajaliwa. Aliyasema akitazama skrini, nami nilikuwa nachambua mboga nyuma yake nikijifanya sisikilizi sana, maana ukimgeukia ananyamaza. Tulipokwisha kula, mstari nao ulikuwa umefika mwisho, akavaa saa yake akaondoka. Kwangu hiyo ndiyo iliyokuwa wiki. Siku nyingine zote zilikuwa njia ya kuifikia.

"Naye atapata kupumzika," mkwe akasema, akiigusa ile flashi kwa ncha ya kidole. "Mgongo unamsumbua siku hizi. Kukaa kwenye viti wiki nzima, halafu na Jumamosi tena."

"Hajaniambia habari ya mgongo."

"Hawezi kukuambia wewe, Mama." Akaongeza, "Lakini kama unaona itakuwa ngumu kwako, basi tuache."

Ngumu kwangu. Mimi niliyejifunza kuchapa kwenye mashine ya chuma, yenye vitufe vya kuvunja kucha, nikiwa na mimba ya mwanangu, huyo huyo mumewe. Nikamwambia avute kiti.

Tuliifanya kazi hiyo mchana ule ule. Yeye alishika simu akisoma maelekezo, mimi nikibonyeza. Kwanza tuliyahamishia mafaili yangu yote kwenye diski ya pembeni, na maelekezo yalitutaka tuhakikishe mara mbili, tukahakikisha. Kisha tukazima, tukawasha, nikawa nagongagonga kitufe cha juu kama mtu anayebisha hodi kwa kiziwi, mpaka mashine ikakubali kuamka kwa flashi badala ya kuamka kwa mazoea yake. Mkwe alikuwa akisoma kama mwanafunzi anayesoma shairi asilolielewa, anapumzika pasipo na nukta, anapita juu ya nukta. "Chagua... futa diski yote... usiogope." Nikachagua. Sikuogopa. Mashine ikauliza jina langu, ikauliza neno la siri, ikafanya kazi yake huku ikinionyesha picha za kunipongeza, na jua lilipoanza kuinama tulikuwa na skrini mpya, safi, haina hata tangazo moja.

Nilijisikia kama nimehamia nyumba nzuri nisiyojua chumvi iko wapi.

Sitadanganya, siku za mwanzo nilitukana. Programu ya kuandikia ilifanana na ile ya zamani kama binamu wanavyofanana, ukiikaribia unaona pua si ile. Majedwali ya wanafunzi yalifunguka yakiwa yamelala upande. Mwandiko wa herufi wanaoutaka vyuoni haukuwamo, mashine ikanipa mwingine unaokaribiana nao, kurasa zikaongezeka, na mwanafunzi mmoja nusura alie. Nilimpigia mwanangu akiwa kazini. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mama, angalia kona ya chini kushoto, pale penye alama ya kijani, bonyeza. Sasa shuka mpaka kile kisanduku cheusi." Nikabonyeza, nikashuka, na kisanduku kilikuwepo. Nikasema moyoni, mtoto huyu ana akili, anaiona mashine yangu kupitia ukutani.

Kile kisanduku cheusi ndicho kilichokaribia kunishinda. Unaandika amri kwa mkono, kama zamani, na kwanza kinakudai neno la siri. Nikaandika, hakikutokea kitu. Hata nyota, hata nukta. Nikaona kibodi imekufa. Nikaigeuza nikaikung'uta, makombo ya mkate yakamwagika mezani, nikaipangusa kwa spiriti, nikaandika tena, bado kimya. Sikutaka kumsumbua mwanangu mara ya pili siku moja, kwa hiyo nikaingia kwenye jukwaa moja la mtandaoni la watu wa mfumo huu nikauliza. Mmoja alinijibu kwamba kabla ya kuuliza ningetafuta kwanza, maana swali hilo limeshaulizwa. Nikamwambia na yeye alipozaliwa swali lake lilikuwa limeshaulizwa, mbona mama yake alimjibu. Mwingine akaandika kwa upole: "Inaandika, mama, ila haikuonyeshi. Andika mpaka mwisho kisha ubonyeze."

Nikaandika bila kuona, nikabonyeza, ikakubali. Mwandiko wa vyuoni ukaingia.

Kuanzia hapo nikaushika. Nikawa najua kuusasisha, najua kuondoa programu nisizozitaka, najua kuyasimamisha majedwali yaliyolala. Printa yangu kuukuu, ambayo kila mwaka mwanangu aliihangaikia na visahani vyake vya programu, niliichomeka tu ikatambuliwa, ikachapa. Nilisimama pale na karatasi ya moto mkononi, nikacheka peke yangu. Ile flashi ya pipi ilipokuja tena, virusi vyake niliviona vimejipanga kwenye folda kama mende waliopuliziwa dawa, na mashine haikushtuka. Nikasema, mwanangu atakaa kwenye kiti hiki Jumamosi, nitamwonyesha, atashangaa. Nilishalipanga mpaka neno la kwanza la kumwambia.

Jumamosi nilipika tangu asubuhi, nikavaa gauni lililopigwa pasi. Akapiga simu.

"Mama, mashine inasumbua?"

"Haisumbui hata kidogo. Njoo uone mwenyewe."

"Ah, kama haisumbui, basi tushukuru. Nitapita."

Nitapita. Neno hilo halina siku. Nikala peke yangu, kilichobaki nikakifunika, na Jumatatu nikakimwaga.

Jumamosi iliyofuata alituma ujumbe wa sauti, anacheka, anauliza hali, nyuma yake televisheni inasikika. Iliyofuata hiyo alituma kidole gumba. Nami nikajiambia mgongo wake unahitaji kulala, mzazi gani anamwonea mtoto wivu wa godoro. Nilijiambia hivyo mara nyingi, na kila mara neno hilo liliniingia moyoni kidogo kuliko mara iliyopita. Mwezi ukapita, na wa pili. Nilikuwa na mashine inayofanya kazi kuliko wakati wowote katika maisha yangu, wateja wakaongezeka kwa sababu haikwami, na ikifika Jumamosi nilikaa mbele yake nikiichukia kwa afya yake.

Nilimwambia mara moja kwamba printa imegoma. Haikuwa imegoma. Akanielekeza kwa simu, bonyeza hapa, zima pale, chai yangu haijapoa tumemaliza. "Unaona, Mama? Siku hizi huna haja ya mtu," akasema, na sauti yake ilikuwa na furaha ya kweli. Mwanafunzi mwingine alipoleta flashi, niliviangalia vile virusi vyake vimelala kwenye folda, nikatamani kimoja tu kiiume mashine. Mtu mzima na akili zake, anaviombea virusi uzima.

Ndipo nikaanza kumfikiria mkwe. Yalinijia yote kwa mpangilio. Nani aliyeleta flashi? Yeye. Nani aliyesema habari ya mgongo? Yeye. Nani alikuwa akibaki peke yake Jumamosi, mume yuko kwa mamake, akakaa akatafuta njia ya kuukata mguu huo bila kugombana na mtu? Kwa kweli nilimvulia kofia kwa ufundi. Wengine huenda kwa waganga, huyu wangu alikuja na programu. Kikulacho ki nguoni mwako, nikasema, na mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia avute kiti.

Nilikwenda kwao Jumamosi moja mchana bila kuwaarifu. Mlango wa nje ulikuwa wazi. Mkwe alikuwa kwenye meza ya kulia chakula, anasahihisha madaftari ya wanafunzi wake, kalamu nyekundu sikioni. Akainuka, akanipokea mkoba, akanisalimia kwa kuinama kama kawaida yake. Kawaida yake hiyo nayo siku zote niliiona ni ya kuficha kitu.

"Mumeo yuko wapi?"

"Amelala, Mama. Nimwamshe?"

"Usimwamshe. Nimekuja kwako." Nikakaa. Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima, lakini yakatoka bila mpango. "Ulichokitaka umekipata, mwanangu hafiki tena kwangu. Ungeniambia tu, 'Mama, Jumamosi nazitaka mwenyewe,' tungegawana kama watu. Hukuniambia. Ulikuja na zawadi, ukanisomea maelekezo, nikaufunga mlango kwa mkono wangu mwenyewe huku wewe ukinishikia taa. Mimi nimekuzidi umri, lakini wewe umenizidi ujanja."

Alitoa kalamu sikioni akaifunika, akayasogeza madaftari. Nilimwona anatafakari kama mtu anayepima ndoo kabla hajaiinua.

"Mama," akasema, "mimi mashine hiyo hata kuiwasha sijui. Siku ile nilikuwa nasoma nilichoandikiwa."

"Kilichoandikwa na nani?"

Hakumtaja. Aliutazama mlango wa chumba cha kulala, kisha akaitazama mikono yake mezani.

"Mfumo ule aliuandaa wiki nzima," akasema kwa sauti ya chini. "Aliujaribu kwanza kwenye mashine ya kazini inayofanana na yako, na printa ya aina yako, asije akakuletea kitu cha kukupa shida. Akaniambia nikuletee mimi. Nilimwambia ni kazi yako hiyo, mama ni wako. Akasema, 'Nikimpelekea mimi ataukataa, atasema ule wa zamani unamtosha. Mpelekee wewe. Mwambie kama ni ngumu aache. Mbele yako hatakubali kushindwa.'"

Niliyasikia maneno hayo kwa sauti yake yeye, si ya mkewe. Ndivyo anavyosema, kwa vipande vifupi, kama anaelekeza mtu wa dawati. Na alikuwa amesema kweli tupu. Alinijua kuliko nilivyodhani. Alijua jinsi ninavyomtazama mkewe, alijua kiburi changu kinakaa wapi, akakishika kama mtu anayeshika mpini.

"Na mgongo wake," nikauliza, "unaendeleaje?"

"La mgongo nalo aliniambia niseme."

Niliumia. Sina neno jingine zuri zaidi la kuliweka hapo. Laiti kungekuwa na mwanamke mwingine, au pombe, au kazi ya pili, ningepata cha kupigana nacho. Hakukuwa na kitu. Alikuwa amelala tu, mchana wa Jumamosi, mahali alipotaka kuwa.

"Kwa nini hakuniambia?" nikasema. "Mimi si simba."

"Nilimwambia akwambie. Akasema maneno kama hayo hayasemeki kwa mzazi." Akalifunga daftari lililokuwa wazi. "Na mimi nimekaa na lawama hii, Mama, kwa sababu aliniomba. Niliona unanichukia zaidi kila nikikusalimu."

Ningeomba radhi. Nilifungua kinywa kabisa. Lakini mlango wa chumba ulifunguka, mwanangu akatoka, fulana imekunjamana, alama ya mto shavuni. Alisimama pale pale mlangoni. Alinitazama mimi, akamtazama mkewe, na mkewe akainamia madaftari yake.

"Mama. Karibu. Mbona hukusema unakuja?" Akajikuna shingo. "Kuna kitu kimeharibika?"

Nilimtazama kwa muda. Mgongo wake ulikuwa umenyooka vizuri kabisa. Ningeweza kuyasema yote pale pale, na angenyamaza kama baba yake, na tungebaki hivyo mpaka mmoja wetu afe. Au ningeweza kumwambia imeharibika, imekufa kabisa, na Jumamosi inayofuata angekuja, avue saa yake, akae, na mimi nichambue mboga nyuma yake nikijua anangoja nini.

"Hakuna kilichoharibika," nikasema. "Inafanya kazi vizuri."

Nikayaona mabega yake yakishuka. Akatabasamu, tabasamu lile la utotoni, la mtu aliyeulizwa swali akalipatia. "Nilijua utaiweza," akasema.

Nikainuka, nikachukua mkoba wangu, nikasema nilikuwa napita tu na giza lisije likanikuta njiani, ingawa jua lilikuwa kali kichwani. Mwanangu akasema ngoja avae viatu anisindikize.

Sote tunajua mambo haya yanavyokwenda. Mgeni anasema usijisumbue, mwenyeji anajisumbua. Mgeni anakataa tena, mwenyeji anashikilia, mnabishana hivyo hivyo mpaka mmefika barabarani, na huko ndiko maneno ya kweli husemwa. Nilimfundisha hivyo mwenyewe, akiwa hajafika kiunoni kwangu.

"Usijisumbue, mwanangu," nikamwambia. "Rudi ukalale."

"Haya, Mama," akasema, akarudi.